Sentensi ya Pili ya Daktari

Baba yangu alipoteza mikono yake akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, Ijumaa asubuhi, uso umeshanyolewa na unanukia spiriti. Hakukatwa. Mikono ilikuwepo palepale, imelala juu ya mapaja yake kama vitu alivyoshikizwa na mtu mwingine. Aliitafuta kwenye kioo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia miwani, "Idi, mikono yangu iko wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, nimepakata kola yake ya shingo.

Wiki iliyopita Mama alinituma nimteremshie mashuka juu ya kabati. Nyuma yake nilikuta bahasha kubwa ya kaki iliyojikunja pembeni, na ndani yake picha ya eksirei ya shingo ya Baba. Ilikuwa imeanza kutoa harufu kali, kama siki iliyosahaulika. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sikuwa nimeiona tangu utotoni, lakini jicho langu lilikwenda moja kwa moja mahali pake, kati ya pingili ya tano na ya sita. Kwa hiyo naanza pale picha ilipoanzia.

Tulikuwa tunaishi Kariakoo, chumba na ukumbi katika nyumba ya wapangaji sita, na Baba alikuwa anafanya kazi Gerezani, mtaa wa mafundi, dakika kumi kwa miguu. Njia ya mabasi ya mwendokasi ilikuwa haijajengwa. Kulikuwa na vumbi la mkaa, mafuta machafu na mlio wa nyundo toka asubuhi. Baba alikuwa fundi wa springi za malori. Kwa asiyezijua, ni vipande virefu vya chuma vilivyopinda kama upinde, mafundi huviita majani, vinapangwa kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu mpaka kifupi, na bolti moja hupita katikati kuvishika vyote. Lori likibeba mzigo miaka mingi, majani hunyooka. Baba aliyachoma mpaka yakawa mekundu, akayapiga nyundo mpaka yakarudia kupinda. Mikono hiyo ndiyo iliyotulisha mimi, Mama, na bibi yangu aliyekuwa Magomeni. Hakukuwa na mikono mingine.

Mwenzake kazini alikuwa Komba, mtu wa Songea, mpana wa mabega na mwembamba wa sauti. Hao wawili walitaniana kutwa nzima.

Siku ya ajali nilikuwa likizo, nimepeleka chakula cha mchana. Lori lilikuwa limepandishwa kwa jeki na Baba amechuchumaa chini ya mkia wake, anafungua bolti. Jeki ikateleza. Lori halikumwangukia, kwa sababu magogo ya akiba yalilidaka, lakini bampa la nyuma lilimpiga kisogoni, na niliona kidevu chake kikizama kifuani kwa namna ambayo sikuwahi kuona kidevu cha mtu kikizama. Alitoka akitambaa. Akajipangusa vumbi, akacheka.

"Umeona, Komba? Kichwa cha Mzaramo hakipasuki."

"Kitapasukaje, na ndani hakina kitu?" Komba akamjibu.

Wakanawa, wakala wali. Niliwatazama wakila. Baba hakuinamia sahani. Aliiinua sahani mpaka mdomoni.

Kufika jioni hakuweza kugeuza shingo. Ukimwita kutoka pembeni aligeuka mwili mzima, taratibu, kama kabati linalosogezwa.

Kesho yake tulikwenda hospitali, yeye, Mama na mimi. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyemwamkia Baba shikamoo kabla ya kumgusa. Aliibandika picha kwenye kisanduku cha taa. Ndipo nilipoona ndani ya baba yangu kwa mara ya kwanza: pingili saba nyeupe, zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na mkia mfupi kwa nyuma. Nilizihesabu. Mikia ilikuwa imeachana kwa nafasi zinazolingana, isipokuwa kati ya wa tano na wa sita. Pale nafasi ilikuwa pana zaidi. Nilinyoosha kidole kumwonyesha Mama, naye akakipiga kofi. "Usiguse vitu vya watu."

Daktari akaweka kidole chake palepale.

"Hakuna mfupa uliovunjika," alisema.

"Alhamdulillahi!" Mama akasema kwa nguvu hata mtu wa chumba cha pili akaitikia.

Daktari alisubiri. Kisha akasema sentensi ya pili, na hii ilikuwa ndefu. "Lakini picha hii inaonyesha mifupa tu, haionyeshi kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwenzake, na hapa nyuma naona pamefunguka kidogo." Huenda misuli imekaza tu, akaendelea. Huenda kano zimechanika. Kwa maumivu aliyonayo sasa hataweza kuinama vizuri tukampiga picha nyingine. Avae kola usiku na mchana, asinyanyue kitu, na asikubali mtu yeyote kumshika shingo. Arudi baada ya wiki mbili, apigwe picha ameinama na picha ameinua kichwa, tuone kama pingili zinakaa mahali pake au zinatembea. "Kama zinatembea, mzee, hapo ndipo penye hatari. Katikati yake unapita mshipa mkuu wa fahamu."

"Nimekuelewa, binti yangu," Baba alisema. Nadhani alikuwa bado anasikiliza sentensi ya kwanza.

Na mimi pia. Tulipofika nyumbani nilipita mlango kwa mlango, maana wapangaji wote walikuwa wanasubiri habari na mimi nilipenda sana kuwa mtu mwenye habari. "Shikamoo. Baba mzima. Picha safi. Hakuna mfupa uliovunjika." Nilipewa kashata kwenye mlango wa tatu na chungwa kwenye mlango wa tano. Hakuna aliyeniuliza kama daktari alisema kitu kingine, nami sikuona haja. Kwa akili yangu, picha ile ilikuwa imeona kila kitu kilichomo ndani ya mtu. Kitu kisichoonekana kwenye picha hakikuwepo, na kisichokuwepo hakiwezi kuchanika. Kola niliielewa kama plasta ya goti: maumivu yakiisha, inabanduliwa.

Ilikuwa kola ya sponji ngumu, rangi ya ngozi ya mtu asiyetoka juani, imefungwa kwa utepe wa kunata nyuma ya shingo. Kwa siku mbili ilishika harufu ya jasho, mkaa na poda ya mtoto ambayo Mama alimpaka asichubuke. Baba alirudi kazini siku ya nne, kusimamia tu, alisema. Komba akamwangalia kutoka kushoto na kulia.

"Fundi, imebaki tai tu uende zako benki."

Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri lori lake akadakia, "Wapi! Mbwa wa matajiri wa Masaki huyo, imebaki kamba ya kumtembezea."

Wakacheka, na Baba akacheka pamoja nao, lakini nilimwona akiishika kola kwa kidole. Kesho yake aliivua akiwa karibu na moto, kwa sababu ya joto. Kesho kutwa aliivua asubuhi na kuivaa jioni, kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba yetu, ili Mama amkute nayo. Nilikuwa naye kwenye kona hiyo. Aliweka kidole mdomoni pake na kunikonyeza, nami nikajisikia mkubwa. Siku mbili za mwisho kabla ya ile Ijumaa alishika nyundo. Ndogo, alisema.

Kuna kitu kingine nilichokiona, na sasa najua ndicho kilichopasa kututisha kuliko vyote. Baba alipokuwa anasali, akiinama kwenye rukuu, alishtuka. Mara ya kwanza nilidhani amekanyaga sindano. Mama akamuuliza alipomaliza.

"Umeme," alisema. "Nikiinamisha kichwa, unashuka mgongoni mpaka kwenye vidole. Zzzt. Halafu unaisha."

"Unauma?"

"Hauumi. Unachekesha."

Siku zilizofuata nilikaa karibu na mkeka wake, na alipomaliza kusali nilimwomba ainame tena huku nimemshika vidole, ili umeme unipate na mimi. Aliinama mara tatu kunifurahisha. Vidole vyake vilitetemeka ndani ya mkono wangu kama samaki mdogo. Mimi sikupata kitu, nikanuna.

Ilibaki siku tatu arudi hospitali. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Baba alinyoa kabla ya msikiti. Maumivu yalikuwa yamepungua sana, alikuwa hata anapiga mluzi. Tulitembea pamoja mpaka kwa Idi, kinyozi wetu, kibanda chenye viti viwili na vioo vitatu mtaa wa pili kutoka sokoni. Kola aliivua mlangoni, akanipa.

Mwanamume yeyote wa Kariakoo anajua utaratibu wa kiti kile, hata leo. Unanyolewa, unapakwa spiriti, unafunikwa kitambaa cha moto usoni, unakandwa mabega. Mwisho kinyozi anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anakizungusha kichwa polepole kama mfuniko wa chupa, halafu ghafla. Shingo inalia upande wa kulia, inalia upande wa kushoto, mteja anafumbua macho na kusema ahaa. Ni nyongeza tu, wala hailipiwi. Asiyefanyiwa huona amenyimwa.

Idi alikuwa mtu mwema, tena mwenye maneno. Alifunika uso wa Baba kwa kitambaa cha moto, akaanza mabega.

"Fundi, nasikia lori lilitaka kukumeza."

Baba aliguna chini ya kitambaa.

"Lakini si walikupiga picha?"

Baba akaguna tena. Nikajibu mimi kutoka kwenye benchi.

"Picha safi, Mjomba Idi. Hakuna mfupa uliovunjika."

"Haya. Redio yetu keshatangaza." Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakacheka. Idi akaondoa kitambaa, akashika kidevu.

Kulia ililia kama siku zote. Kushoto haikulia. Nilisikia mlio mzito, wa chini, kama mtu aliyekanyaga kikapu kibichi. Baba hakusema ahaa. Mikono yake iliteleza kutoka kwenye viegemeo vya kiti ikaangukia mapajani, na ndipo akauliza lile swali.

Idi alidhani ni mzaha. "Usinitishe, Fundi."

"Siisikii. Miguu naisikia, inawaka moto. Mikono siisikii."

Mzee mmoja kati ya waliokuwa wanasubiri akainuka. "Imeteguka hiyo. Irudishe upande ilikotoka, haraka, kabla haijapoa. Vuta juu kisha zungusha."

"Niivute?" Idi aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Vuta, bwana! Unamwangalia nini?"

Nikaona mikono ya Idi ikirudi kwenye kidevu cha baba yangu, na hapo sentensi ya pili ikanitoka yote kwa kelele. "Asishikwe shingo! Daktari alisema asishikwe shingo na mtu yeyote! Alisema zinaweza kutembea!"

Mikono ikasimama.

"Alisema lini?" Idi aliuliza.

"Siku ile ile."

"Ile ile ya picha safi?"

Nikaikumbatia kola. Hakuniuliza tena, wala hakunigombeza, na ukimya wake nimekaa nao muda mrefu kuliko ambavyo ningekaa na kofi.

Nilitumwa kumwita Komba. Sijawahi kukimbia vile. Komba alifika na mafundi wawili na mlango wa kibanda chao, wameung'oa kwenye bawaba zake, na alipomwona Baba hakutania. Alimtazama kama alivyokuwa anatazama lori lililoinama upande. "Hakuna kusogeza kitu mpaka kishikwe," alisema. "Idi, wewe uko kichwani. Kishike hivyo hivyo kilivyo, usikivute, usikinyooshe. Ukikiachia nitakuua."

Wakamlaza kwenye mlango, kiti kikiinamishwa taratibu, taulo mbili zimekunjwa pembeni mwa masikio yake. Wakampakia nyuma ya pikapu ya muuza spea. Idi alipiga magoti kichwani mwa Baba, viganja viwili kwenye masikio, na hakuviondoa mpaka hospitali. Foleni ya Barabara ya Msimbazi ilikuwa ya Ijumaa. Kila gari lilipoyumba Idi alisema, "Nimekushika, Fundi. Nimekushika." Jasho lake lilidondokea paji la uso la Baba, na Baba hakuweza kulifuta. Nililifuta mimi, kwa pindo la gauni langu.

Picha mpya zilionyesha hata mtoto alichoweza kukiona: pingili ya tano ilikuwa imeteleza mbele ya ya sita. Kipimo kikubwa cha MRI kilionyesha kano za nyuma zimekatika na mshipa wa fahamu umebanwa. Daktari wa upasuaji alitueleza kwamba nyuzi za mikono hupita kati kwa kati ya mshipa huo na za miguu hupita pembeni, ndiyo maana miguu ilisalimika. Angevutwa na kuzungushwa tena pale saluni, alisema, huenda tungepoteza vyote, na pumzi pia.

Baba alilala siku tano kichwa kimefungwa kwenye chuma chenye kamba na uzito unaoning'inia nyuma ya kitanda, kuzirudisha pingili mahali pake milimita kwa milimita. Halafu akafanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma na skrubu nne. Kabla hajaingia chumba cha upasuaji alimuuliza daktari, "Majani yote mazima, ila bolti ya kati imekatika. Ndivyo?" Daktari hakuelewa. Komba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alielewa, akatoka nje.

Mkono wa kushoto ulianza kurudi baada ya wiki sita. Kwanza kidole gumba, kisha vingine, akiminya sponji ya kuogea mbele ya dirisha mara mia asubuhi na mara mia jioni huku mimi nikihesabu. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Vidole vitatu vya nje havikurudi kamwe. Hakushika nyundo tena. Kwa miaka yote iliyofuata alikaa kwenye kigoda karibu na moto, anamwelekeza Komba kwa maneno wapi pa kupiga, na alikuwa anafungua vifungo vya shati, anakula na kujinawisha kwa ule wa kushoto. Ule wa kushoto ndio uliobaki kuwa yeye.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kuwauliza wote, mmoja mmoja. Daktari wa upasuaji aliniambia hakuna anayeweza kujua kama kano zilikatika zote siku ya jeki au zilimaliziwa kwenye kiti. Ule umeme wa kwenye rukuu, alisema, ulikuwa onyo tosha, na huenda pingili zingeteleza zenyewe siku yoyote, hata kwenye sijda. Idi aliniambia, "Mwenye shingo alikuwa mbele yangu, mimi nikamsikiliza mtoto." Bado anamnyoa Baba kila Ijumaa, lakini anamkalisha kisogo kikiwa kimeegemea ukuta, na hagusi chini ya masikio. Baba nilipomuuliza alisema hakumbuki chochote baada ya kitambaa cha moto. Sijui kama ni kweli.

Daktari wa upasuaji alituambia kitu kingine siku Baba alipotoka hospitali, nacho safari hii nilikiandika. Mahali palipofungwa kwa bamba hapajikunji tena, kwa hiyo pingili za juu na za chini yake hufanya kazi ya ziada, na kano zake huchoka mapema. Apigwe picha kila mwaka. Alipigwa miaka miwili ya mwanzo, akaacha.

Siku ile niliyoiona bahasha, jioni, tulikuwa tumekaa ukumbini, yeye na mimi. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Baba alimaliza kahawa, akaninyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto nikipokee, na kabla sijakifikia kikamponyoka, kikadunda kwenye mkeka.

"Kina mafuta hicho," alisema.

"Baba, ukiinama unasikia nini?"

"Nasikia maswali yako." Akauweka mkono chini ya paja, akaukalia. Kisha, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa uani, "Usimwambie mama yako."

Nilikiokota kikombe. Nilikizungusha chote kwa vidole vyangu, kuanzia ukingo mpaka kitako. Kwa nje kilikuwa kikavu, wala hakikuwa na mafuta. Leo ni siku ya nane. Hajakubali kupigwa picha, na Mama bado hajui.